Nani Anabeba Dhambi ya Haraka?

Swali linalochunguzwa katika insha hii ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi. Chombo cha usafiri kinapopinduka kwa sababu aliyekiendesha alikuwa akizikimbiza dakika alizozipoteza, na alikuwa akizikimbiza kwa kuogopa adhabu ya waliomwajiri, dhambi ya vifo vilivyotokea ni ya nani? Mahakama kwa kawaida hulijibu kwa kumtafuta mtu aliyekuwa kwenye usukani, na watu msibani hulijibu kwa kusema kwamba ajali haina kinga na kwamba siku za marehemu zilikuwa zimetimia. Majibu hayo mawili huonekana kupingana, kwa kuwa la kwanza linamtwisha mtu mmoja mzigo wote na la pili halimtwishi mtu yeyote, lakini yanashiriki kasoro moja iliyo kubwa kuliko tofauti yao, nayo ni kwamba yote mawili yanampita kimya yule aliyepanga saa.

Dumila, mji wa Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa uko pale ambapo barabara ya kwenda Kilosa kupitia Rudewa inachepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, na kwa hiyo wakazi wake wanaishi kati ya ratiba mbili: ya mabasi yanayopita mbele ya maduka yao, na ya treni zinazopita kusini mwao katika Kilosa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909 na Kigoma mwaka 1914. Reli mpya ya kisasa, yenye treni za umeme zilizokusudiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, ilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufikia Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo kwa basi humaliza kutwa nzima, sasa inakamilika kwa takribani saa nne, na basi linalopita Dumila linashindana na saa ya treni hata kama dereva wake hajawahi kuiona treni hiyo.

Mabadiliko hayo yamepokewa kwa fahari, na fahari hiyo ina haki yake. Kwa muda mrefu Mwafrika alisemwa kuwa mtu asiyejali saa, na hata mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba wakati katika fikra za jadi ni mfululizo wa matukio, wenye Sasa inayoishiwa na Zamani ndefu sana, lakini wenye wakati ujao mfupi sana. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika, miongoni mwao Kwame Gyekye wa Ghana, waliupinga uchambuzi huo, na mkulima yeyote wa mpunga wa bonde la Kilosa angeweza kuupinga pia, kwa kuwa anayeandaa kitalu kabla ya masika anaufahamu wakati ujao vizuri kabisa. Hata hivyo, lawama ile ya zamani imeacha jeraha, na jeraha hilo ndilo linalofanya treni inayoondoka kwa dakika iliyoandikwa ionekane kuwa uthibitisho wa heshima ya taifa. Hatari huanzia hapo, kwa sababu kitu kilichokwisha kufanywa kipimo cha heshima hakiruhusiwi tena kukosa, na mtu anayekikosesha huhesabiwa kuwa ameleta aibu.

Haitakuwa haki kuuzungumzia wakati wa ratiba kana kwamba ni adui. Katika reli yenye njia moja, kama ilivyo reli ya zamani inayopita Kilosa, treni mbili zinazoelekeana hupishana stesheni tu, penye njia ya kupishania, na hakuna inayoingia kwenye kipande cha njia kilicho mbele yake bila ruhusa ya kuonyesha kwamba kipande hicho kiko wazi. Ratiba, kwa maana hiyo, ilikuwa tangu awali sehemu ya ulinzi wa maisha. Tena kuchelewa kuna majeruhi wake: mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Berega, mtahiniwa, na mfanyabiashara wa nyanya ambaye mali yake haiwezi kusubiri. Kufika kwa wakati ni aina ya uadilifu, kwa kuwa ni kutimiza ahadi, na ahadi ni deni. Kinachopaswa kuulizwa ni pale ahadi iliyotolewa na mmoja inapodaiwa kwa mwingine, yaani pale ofisi inapowaahidi abiria muda ambao hali ya njia, ya mvua na ya mashine haiuruhusu, kisha ikamtuma dereva akaulipe muda huo kwa mwendo.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Japani, nchi ambayo treni zake husifiwa kwa kutochelewa. Asubuhi ya tarehe 25 Aprili 2005, treni ya kampuni ya reli ya Japani Magharibi iliacha njia katika kona ya Amagasaki na kuligonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, dereva akiwa mmoja wao, na 562 wakajeruhiwa. Dereva alikuwa na umri wa miaka 23. Katika stesheni ya Itami alikuwa amepita mahali pa kusimama kwa mita zipatazo 70, ikabidi arudi nyuma, na kwa hiyo akaondoka akiwa amechelewa kwa kiasi cha sekunde 80. Kona iliyokuwa mbele yake ilitaka mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa, naye aliingia akiwa na kilomita 116. Mtu akiishia hapo atasema kijana alikosa umakini, na atakuwa amesema kweli iliyokatwa katikati.

Uchunguzi rasmi, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2007, uliendelea mbele zaidi. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumwondoa kazini dereva aliyekosea na kumweka katika kile kilichoitwa mafunzo ya zamu ya mchana, ambamo aliandika ripoti za kujilaumu, alikemewa mbele ya wenzake, na kukatwa sehemu ya kipato. Dereva huyo alikwisha kupitia siku 13 za mafunzo ya namna hiyo mwaka mmoja kabla, kwa kosa kama lile la Itami. Katika dakika zake za mwisho alikuwa amemwomba msaidizi wake wa nyuma ya treni apunguze umbali atakaoutaja katika taarifa, na wachunguzi walieleza kwamba inaelekea alikuwa akisikiliza mazungumzo ya redio kati ya msaidizi huyo na kituo cha uongozi, ili ajue kama ombi lake limekubaliwa, akasahau kufunga breki kwa wakati. Ratiba yenyewe ilikuwa imebanwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kushindana na kampuni nyingine, na mtambo wa kisasa wa kuisimamisha treni inayozidisha mwendo haukuwa umefungwa kwenye kona ile. Marais wanne wa zamani wa kampuni walishtakiwa kwa uzembe, na wote wakaachiwa. Kesi ya mwisho ilifungwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017. Kwa hiyo sheria ilikuta ajali yenye watu 107 waliokufa na haikumwona aliye hai yeyote mwenye hatia.

Tanzania ina kumbukumbu yake, nayo ni ya uchungu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 iliyokuwa ikipanda mlima huko Igandu, mkoani Dodoma, ilishindwa breki, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Ajali ile ilikuwa ya breki, na itakuwa ni kuwadhulumu marehemu kuigeuza kuwa ya saa kwa ajili ya kupata mfano. Hata hivyo inaliacha wazi swali ambalo kila reli na kila kampuni ya mabasi inapaswa kulijibu kabla ya msiba: nani, katika safu yote ya watu kuanzia karakana hadi kichwa cha treni, anaweza kusema chombo hiki hakiondoki, na kesho yake akabaki na kazi yake?

Kwa mabasi yanayopita Dumila, jibu la swali hilo lina mapengo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na imepiga marufuku siku ya kazi inayozidi saa 12. Mwendo katika maeneo ya makazi haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inalifuatilia kila basi la masafa kwa kifaa kinachotoa taarifa za mwendo wake, ingawa imelazimika kuonya mara kwa mara kwamba vifaa hivyo vinachezewa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu kwa takribani miaka thelathini. Sheria hizo ni nzuri, lakini zote zinauangalia mwendo na saa za dereva, na hakuna hata moja kati yake inayomkagua mtu aliyekaa ofisini na kuamua kwamba basi lifike Dodoma saa fulani ili ligeuze siku hiyohiyo. Tochi ya trafiki inapima kilomita. Hofu ya kufukuzwa kazi haipimwi na chombo chochote.

Hapa ndipo dini inapopaswa kuulizwa, kwa kuwa watu wengi wa Morogoro, Waislamu kwa Wakristo, hupata maana ya kifo katika dini kabla ya kuipata katika ripoti. Itikadi ya Kiislamu inafundisha kadari, yaani kwamba kila jambo limetangulia katika ujuzi na mpango wa Mungu, na msemo wa kwamba ajali haina kinga unapata nguvu yake kwa watu wengi kutokana na mafundisho hayo. Lakini wanateolojia wa mkondo wa Abul-Hasan al-Ash'ari, ambao Waislamu wengi wa mwambao na bara wanaufuata, waliiambatanisha kadari na kasbi, maana yake kule kulichuma tendo: Mungu ndiye muumba wa tendo, ila binadamu ndiye anayelichuma kwa hiari yake na kwa hiyo ndiye atakayeulizwa. Mapokeo yanamtaja pia mtu aliyetaka kujua kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, naye Mtume akamwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Kwa mafundisho haya, anayesema kazi ya Mungu haina makosa mbele ya majeneza ya watu walioendeshwa kwa pupa anasema maneno ya kweli mahali pasipo pake, kwa kuwa anamkabidhi Mungu kazi ambayo ilikuwa ya binadamu.

Kuna hoja nyingine, ambayo mara nyingi haitazamwi, inayohusu wakati wenyewe. Dini hizi zilikuwa na ratiba muda mrefu kabla ya reli. Kengele ya misheni ya Mhonda, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1877, na adhana za misikiti ya njia ya misafara ziliigawa siku ya watu wa eneo hili kabla kichwa cha treni hakijasikika Kilosa. Sala tano zina nyakati zisizobadilika kwa matakwa ya mtu. Pamoja na hayo, mafundisho ya Mtume yanamkataza anayekwenda msikitini kukimbia hata akisikia sala inakimiwa. Aende kwa utulivu, atakachokiwahi akisali, kitakachompita akikamilishe. Msafiri naye ameruhusiwa kasri, yaani kuzifupisha sala za rakaa nne ziwe mbili, na jamu, yaani kuzikusanya sala mbili katika wakati mmoja, na ameruhusiwa kuahirisha saumu ya Ramadhani. Kwa Wakristo, Injili ya Marko inamwonyesha Yesu akifundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Ikiwa amri za Mungu, zenye saa takatifu kuliko zote, zimemwachia msafiri nafasi ya kupumua, ni vigumu kuona kwa msingi gani ratiba ya kampuni inaweza kudai utii usio na nafasi hiyo. Ratiba inayodai hivyo imejipandisha juu ya sala.

Itasemwa kwamba dereva ni mtu mzima na angeweza kukataa. Hoja hii inastahili jibu la makini, na fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inatoa zana nzuri ya kuijibu katika mlango wake wa ikrahi, maana yake kulazimishwa. Mafakihi wamekubaliana kwamba aliyelazimishwa kwa tishio la kuuawa hasamehewi akiua, kwa sababu nafsi yake haina thamani kuliko nafsi anayoitoa. Lakini walipouliza kisasi ni cha nani, walitofautiana: Abu Hanifa alikiweka kwa aliyelazimisha, na wafuasi wa Imamu Shafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, wana kauli yenye nguvu inayowatia hatiani wote wawili. Ni kweli kwamba kutishiwa kibarua si sawa na kuwekewa upanga shingoni, na kwamba mwajiri hakukusudia mtu afe; kwa hiyo hukumu ile haiwezi kuhamishwa ilivyo. Kinachohamishika ni namna yake ya kufikiri. Hatia katika mizani hiyo haifanani na shilingi ambayo akiishika mmoja mwingine anakuwa mikono mitupu. Inaweza kuwa kamili kwa aliyetenda na kamili kwa aliyeshurutisha, bila ya mmoja kumpunguzia mwingine.

Mafundisho ya Kikatoliki yanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katekisimu ya mwaka 1992 inaeleza kwamba mtu huwajibika kwa dhambi iliyotendwa na mwenzake pale anapoiamuru, anapoishauri, anapoisifu, au anapokuwa na wajibu wa kuizuia na asiizuie, na inazungumzia miundo ya dhambi, dhana iliyopewa uzito na Papa Yohane Paulo wa Pili katika waraka wake wa mwaka 1987 kuhusu masuala ya kijamii. Muundo wa dhambi ni mpangilio wa maisha au wa kazi uliotokana na dhambi za watu, ambao baadaye huwasukuma wengine kutenda mabaya hata wakiwa hawana nia mbaya. Malipo yanayohesabu safari bila kuhesabu usingizi ni muundo wa namna hiyo, na vivyo hivyo fomu ya maelezo ambayo dereva aliyechelewa hulazimika kuijaza huku dereva aliyefika mapema kwa mwendo wa hatari akipokewa kwa pongezi. Kila aliyeisifu ile haraka, kwa kipimo cha Katekisimu, ana fungu lake.

Fungu hilo linawafikia abiria pia, na ni lazima lisemwe ingawa litauma. Dereva anayepunguza mwendo hupigiwa kelele akanyage mafuta, na anayesimama kukagua gurudumu huambiwa anawapotezea watu muda. Abiria haohao wana subira kubwa wakizuiwa na maji. Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu pale Dumila, kwenye daraja la mto Mkundi, na magari yakasimama pande zote mbili. Miaka minne kabla, mafuriko ya Kilosa yalikuwa yameisomba reli, na kwa muda mrefu treni za abiria za kwenda Kigoma zikawa zinaanzia Dodoma. Kuchelewa kunakoletwa na mto kulikubaliwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Kuchelewa kunakoletwa na binadamu mwangalifu, aliyeona breki inalegea au macho yake yanafumba, hakupewi heshima hiyo, ingawa mwenye imani angeweza kusema, kwa haki zaidi, kwamba uangalifu ule nao ulitoka kwa Mungu. Waliosema kawia ufike waliliweka jambo hili kwa maneno mawili, na inasikitisha kwamba msemo wao umebaki nyuma ya mabasi kama pambo.

Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo uliowataka viongozi waache kiburi, dharau na uonevu dhidi ya wale wanaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani waliuchukua waraka huo kwa uzito kiasi cha kugoma walipoona meneja ameukiuka. Uonevu waliouzungumzia ulikuwa wa matusi na amri. Uonevu wa ratiba hauna sauti ya juu kama huo, kwa kuwa unakuja kwenye karatasi safi yenye saa za kuondoka na kufika, lakini kwa mizani iliyoelezwa hapa ni uonevu ule ule, na unawafikia watu wasiowahi kuajiriwa na yule aliyeitia saini.

Inafuata basi kwamba kila uchunguzi wa ajali, ya reli au ya barabara, unaoishia kwa dereva haujakamilika, na viongozi wa dini wanaoitwa kuwazika waliokufa wana wajibu wa kusema hivyo hadharani kabla ya kuwaombea. Karatasi ya ratiba inapaswa kuwekwa mezani pamoja na taarifa za mwendo wa chombo, na walioiandika waulizwe mambo mawili: waliweka dakika ngapi kwa ajili ya mvua, uchovu na mashine mbovu, na walimfanya nini mtu wa mwisho aliyechelewa ili kulinda roho za watu. Mwajiri asiyeweza kuyajibu anastahili kusimama kizimbani pamoja na dereva wake, na pale dereva alipokufa, anastahili kusimama peke yake.